Wanaume 603,550 jangwani: tuzihesabu upya hesabu za kitabu cha Hesabu

#1 Karani wa Kaya (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kuna jambo limenikosesha usingizi siku sita sasa. Nalileta hapa kwa sababu humu wamo waliosoma Kiebrania, wamo wenzetu Waislamu wanaojua vitabu, wamo wahasibu, na wamo watu wa imani ambao hawataona haya kunisahihisha. Uzi ni mrefu, mniwie radhi.

Jumapili nilikuwa na kipindi cha vijana, tunasoma kitabu cha Hesabu sura ya 3, Musa anapowahesabu wana wa Israeli jangwani baada ya kutoka Misri. Kijana mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono. Akasema: "Mwalimu, sura ya 1 wanaume wa miaka 20 na zaidi ni 603,550. Sura ya 3 wazaliwa wa kwanza wa kiume, kuanzia umri wa mwezi mmoja, ni 22,273. Nimegawanya, nimepata 27. Ina maana kila mama alikuwa na watoto wa kiume 27?" Nikamwahidi jibu Jumapili ijayo. Jioni nikairudia hesabu yake mwenyewe, nikaona hata alikuwa mpole. Ile 27 ni ya watu wazima peke yao. Ukiwaongeza wavulana walio chini ya miaka 20, kila mzaliwa wa kwanza anabeba wanaume zaidi ya 40.

Kwa nini limenishika hivi? Mwaka 2022 nilikuwa karani wa sensa. Nilipangiwa eneo katika kijiji kimoja mkoani Tanga, nikazunguka na kishikwambi kifuani, kila kaya nauliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Kaya ya nne nilimkuta mzee ameketi mkekani anasokota kamba. Nikamwamkia, nikamwuliza, "Mzee wangu, hapa mko wangapi?" Akanijibu bila kuinua macho: "Sisi hapa ni milango minne."

Kishikwambi hakina mahali pa kujaza milango, yaani jamaa. Ikabidi niketi naye mkekani, tutaje jina moja moja, aliyelala na asiyelala. Tulifika watu 23. Wa 23 alikuwa mtoto mchanga wa siku tisa. Mzee hakumtaja, ni bibi aliyepaza sauti kutoka ndani kwamba yupo, ila arobaini yake bado. Mzee hakunidanganya hata kidogo. Aliniambia kweli tupu, kwa kipimo chake.

Tangu siku ile, nikikutana na namba yoyote ya watu hujiuliza kwanza: huyu alihesabu nini? Vichwa? Milango? Wenye kulipa? Sasa nawauliza na ninyi: 603,550 ni vichwa? Na kama ni vichwa, pamoja na wanawake na watoto tunafika watu milioni 2 na ushei jangwani. Tuzungumze.

#2 Shamba la Mizabibu

Shalom ndugu Karani. Swali ni zuri, lakini mbona unaanza kwa kuliogopa?

Kutoka 12:40 inasema wana wa Israeli walikaa Misri miaka 430. Walioingia na Yakobo walikuwa 70. Nimekaa na kikokotoo: watu 70 kufika milioni 2 kwa miaka 430 wanahitaji ongezeko la asilimia 2.4 kwa mwaka. Wewe uliyebeba kishikwambi unajua vizuri kwamba Tanzania iliongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka kati ya 2012 na 2022. Mwaka 1967 tulikuwa milioni 12.3, na sensa yako ikatukuta 61,741,120. Kwa hiyo Waisraeli waliongezeka polepole kuliko sisi, na sisi hakuna anayesema ni hadithi. Kutoka 1:7 imeandikwa waliongezeka sana hata nchi ikajaa. Farao mwenyewe analalamika katika 1:9 kwamba wamekuwa wengi kuliko watu wake.

Kuhusu wazaliwa wa kwanza, mwambie kijana asome Hesabu 3:13. Mungu aliwatakasa wazaliwa wa kwanza siku ile aliyowapiga wa Misri. Hivyo 22,273 ni waliozaliwa baada ya Pasaka, kama mwaka mmoja hivi. Hapo hakuna mama wa watoto 27.

Na niseme jambo la mwisho. Maswali haya yameletwa na Wazungu wa juzi waliopoteza imani yao. Sisi tunayaokota tu.

#3 Karani wa Kaya

Ubarikiwe ndugu yangu, umejibu kwa hoja.

Hoja ya waliozaliwa baada ya Pasaka ina nguvu kuliko nilivyotazamia. Wavulana 22,273 wakiwa wazaliwa wa kwanza, ongeza wasichana wa idadi hiyo hiyo, tunahitaji akina mama zaidi ya 44,000 waliojifungua kwa mara ya kwanza ndani ya mwaka mmoja. Kwa watu milioni 2 ni wengi mno, lakini si muujiza. Kinachonizuia ni maandishi yenyewe. Hesabu 3:40 inaagiza wahesabiwe wazaliwa wa kwanza wote wa kiume, kuanzia mwezi mmoja na kuendelea. Nilipokuwa karani, dodoso likisema wote, ni wote. Sikuwa na ruhusa ya kuchagua waliozaliwa mwaka jana.

Kuhusu asilimia 2.4: sisi tunaongezeka hivi kwa sababu kuna chanjo, kuna kliniki, mtoto akishikwa na surua hatuchimbi kaburi. Watu wa kale walizaa sana na kuzika sana. Lakini hata nikikupa asilimia hiyo, vizazi havitoshi. Kutoka 6 inataja Lawi, Kohathi, Amramu, Musa. Mwanzo 46:11 inamweka Kohathi kati ya walioingia Misri na babu yake Yakobo. Sura hiyo hiyo ya 6 inasema Kohathi aliishi miaka 133, na Amramu miaka 137. Musa alikuwa na miaka 80 alipokwenda kwa Farao. Tuseme Kohathi aliingia Misri akiwa mgongoni mwa mama yake, akamzaa Amramu mwaka aliokufa, na Amramu akamzaa Musa mwaka aliokufa: 133 na 137 na 80 ni 350. Miaka 80 imepotelea wapi?

Na Kohathi huyu alikuwa na wana wanne tu. Hesabu 3:28 inasema wanaume wa ukoo wake, kuanzia mwezi mmoja, walikuwa 8,600. Musa angekuwa na binamu maelfu.

Utasema orodha za ukoo huruka vizazi. Nakubali, huruka, hata kwetu mtu husema "mimi ni mwana wa fulani" na fulani huyo alikuwa babu wa babu. Lakini ukishakubali kwamba ukoo hauandikwi kama cheti cha kuzaliwa, kwa nini idadi iandikwe kama sensa ya 2022?

#4 Binti Mvita

Asalaam aleikum nyote. Mimi ni Mwislamu, nasoma uzi huu kutoka Mombasa, na nimeguswa na neno la ndugu Shamba kwamba haya ni ya Wazungu wa juzi. Si kweli, ndugu yangu, na naomba nilieleze kwa heshima.

Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliandika Muqaddima yake mwaka 1377. Mwanzoni kabisa, anapotaka kuonyesha jinsi wanahistoria wanavyokosea, mfano wake ni huu huu tunaoujadili. Anasema al-Mas'udi na wengine wengi wamenakili kwamba Musa aliwahesabu wana wa Israili wenye uwezo wa kubeba silaha, wa miaka 20 na zaidi, akawapata 600,000 au zaidi. Kisha anawauliza: jeshi la ukubwa huo lingepigana vipi? Safu zake zingeenea mara mbili na tatu ya mahali macho yanapofika. Upande mmoja usingejua upande wa pili umepatwa na nini. Akaleta na ufalme wa Waajemi, uliokuwa mkubwa kuliko wa wana wa Israili kwa mbali, na jeshi lao kubwa kabisa, lile la vita vya Qadisiyya, likitajwa kuwa 120,000. Na hoja ya vizazi ambayo ndugu Karani ameitoa sasa hivi, Ibn Khaldun aliitoa: kati ya Israili, yaani Yakobo, na Musa ni mababa wachache wanaohesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Hakuwa mtu asiye na imani. Alikuwa kadhi. Alichokitaka ni kwamba habari ipimwe kwa tabia ya mambo kabla ya kumtazama msimulizi.

Na katika Qurani, sura ya 26 aya ya 54, Firauni anawaita kikundi kidogo.

#5 Shamba la Mizabibu

Dada Binti Mvita, aleikum salaam, na asante kwa upole wako. Nimejifunza, sikujua kabisa habari ya Ibn Khaldun. Ila hiyo aya anayesema ni Firauni, na adui humdharau anayemfukuza. Huwezi kumshika Farao kuwa shahidi wa idadi.

#6 Binti Mvita

Kweli, ni maneno ya Firauni. Nakubali. Hata hivyo Farao wako wa Kutoka 1:9, anayesema wamekuwa wengi kuliko Wamisri, naye ni adui, naye ana sababu ya kutia chumvi. Tukimwacha mmoja tuwaache wote wawili.

#7 Mkalimani

Nimesoma Kiebrania chuoni miaka minne na nimengoja mtu alifikie neno lenyewe.

Neno ni *elef*. Msikilizeni: elef, alf, elfu. Elfu yetu tuliipata kwa Kiarabu, na alf ya Kiarabu ni ndugu wa damu wa elef ya Kiebrania. Lakini elef ya Kiebrania ina maana zaidi ya 1,000. Ni jamaa au ukoo, ni kikosi kinachotoka katika ukoo huo kwenda vitani, na *aluf* ni mkuu wake. Maandishi ya kale hayakuwa na irabu, kwa hiyo herufi zile zile tatu msomaji huzipa sauti kwa kuangalia mahali zilipo.

Ushahidi uko kwenye Biblia zetu za Kiswahili. Fungueni Union Version, Mika 5:2. Bethlehemu ni mdogo miongoni mwa "elfu za Yuda". Nani amewahi kujiuliza elfu za Yuda ni nini? Nilikariri mstari huo tangu utoto, kila Krismasi, na sikuwahi kujiuliza. Ni koo za Yuda. Mathayo 2:6 anapoleta maneno hayo hayo, wafasiri wetu wanaandika "majumbe wa Yuda". Elef na aluf, elfu na jumbe, neno moja. Na Waamuzi 6:15 Gideoni anaposema elef yake ni dhaifu katika Manase, wafasiri wameandika "jamaa zangu". Hakuna aliyeandika "elfu yangu".

Sasa rudini Hesabu 1. Flinders Petrie, mchimbaji wa mambo ya kale, alipendekeza hili mwaka 1906, na George Mendenhall akalijenga upya mwaka 1958. Reubeni 46,500 isomeke elef 46, watu 500. Simeoni 59,300 iwe elef 59, watu 300. Gadi 45,650 iwe elef 45, watu 650. Ukijumlisha elef za makabila yote 12 unapata 598, na watu 5,550. Baadaye mwandishi aliyezoea elef kuwa 1,000 akaona 598,000 na 5,550, akajumlisha, akapata 603,550.

Na tazameni mamia. Ni 500, 300, 650, 600, 400, 400, 500, 200, 400, 700, 500, 400. Makabila 12 na hakuna hata moja lenye 000, 100, 800 wala 900. Sura ya 26, sensa ya pili, ni vivyo hivyo. Namba za kawaida hazikwepi mwanzo na mwisho namna hiyo. Mamia yale yanasimama yenyewe, hayakuwa mkia wa maelfu.

Wanaume 5,550 pamoja na jamaa zao ni watu kama 20,000 hivi. Na hapo ndipo Shifra na Pua, wakunga wawili wa Kutoka 1:15, wanapoweza kuikamilisha kazi yao.

Kuhusu Wazungu: mnajua Askofu Colenso wa Natal? Huyu ndiye aliyewashtua Waingereza mwaka 1862 kwa kitabu kilichopiga hesabu za Musa moja moja, wazaliwa wa kwanza na yote. Kabla ya uaskofu aliandika vitabu vya hesabu vya shule. Lakini aliyemwanzishia shaka ni Mzulu, William Ngidi, aliyekuwa akimsaidia kutafsiri Biblia kwa Kizulu. Walipofika kwenye gharika Ngidi akamwuliza kama yote hayo ni kweli, na Colenso akaona hawezi kumtazama machoni akamjibu ndiyo. Mwaka 1863 alishtakiwa Cape Town kwa uzushi. Swali lilitoka kwa Mwafrika aliyekuwa akitafuta neno sahihi la lugha yake, kama sisi sasa hivi.

#8 Jembe la Mkono

Naunga mkono mchango wa Mkalimani. Niongeze tu kwamba jeshi la Ramesses wa Pili kule Kadeshi, mwaka 1274 kabla ya Kristo, hukadiriwa kuwa watu 20,000, vikosi vinne. Na Misri nzima ya enzi hizo wataalamu huikadiria watu milioni 3 hivi. Wanaume 603,550 wa vita wangemtoa Farao kwenye kiti chake bila kungoja mapigo kumi. Na milioni 2 wakitembea watu kumi kumi, mita moja kati ya safu na safu, mkia wa msafara uko kilomita 200 nyuma, bado hujaweka ng'ombe.

#9 Karani wa Kaya

Mkalimani, mchango wako niliusoma mara tatu. Kwa "elfu za Yuda" peke yake nakushukuru. Nilimkumbuka yule mzee wa mkekani: elef ndiyo milango yake! Nilidhani nimepata jibu la kijana.

Kisha nikafungua Kutoka 38, na jibu likavunjika mikononi. Nifuateni polepole, maana hapa ndipo penyewe.

Kutoka 38:25-26 ni taarifa ya fedha. Kila mwanaume aliyehesabiwa, wa miaka 20 na zaidi, alitoa nusu shekeli, kipimo cha uzito wa fedha, kwa ajili ya hema la ibada. Waliotoa: 603,550. Fedha iliyopatikana: talanta 100 na shekeli 1,775. Talanta moja ni shekeli 3,000. Pigeni wenyewe. Nusu ya 603,550 ni 301,775. Toa talanta 100, yaani shekeli 300,000. Zinabaki 1,775. Inafunga hadi shekeli ya mwisho.

Elef hapa haiwezi kuwa mlango wala kikosi. Milango 598 na watu 5,550 wangetoa shekeli 2,775, haifiki hata talanta moja. Aliyeandika Kutoka 38 alimaanisha vichwa, kichwa kimoja nusu shekeli. Ukitaka kusema mwandishi wa Hesabu alikosea kujumlisha, itabidi useme mwingine akayachukua makosa yale akatengeneza nayo hesabu ya fedha inayofunga. Inawezekana. Lakini endeleeni kuangalia.

Fedha hii ilikusanywa lini? Kabla hema halijasimama, na hema lilisimama siku ya 1 ya mwezi wa 1, mwaka wa 2 (Kutoka 40:17). Sensa ya Hesabu 1 iliagizwa siku ya 1 ya mwezi wa 2, mwaka huo huo. Kumbe ni hesabu mbili, zimepishana mwezi mmoja au zaidi, na jumla ni ile ile, mtu kwa mtu: 603,550. Mimi ningerudi kwa yule mzee baada ya mwezi nisingekuta 23. Kuna binti alikuwa anaolewa wiki ile, kuna mgonjwa ndani. Vitabu viwili vikifunga kwa namba moja namna hii, karani yeyote anajua kimoja kimenakiliwa kutoka kwa kingine.

Basi kipi kilitangulia? Soma 38:27. Zile talanta 100 zilisubiwa misingi 100 ya fedha, talanta moja kwa msingi mmoja. Misingi 96 ilikaa chini ya mbao 48 za patakatifu, kila ubao miwili, na misingi 4 chini ya nguzo za pazia. Talanta moja ni nusu shekeli za watu 6,000. Misingi 100 ni watu 600,000.

Nilipoiona hiyo niliondoka mezani nikaenda kusimama nje kwa muda. Nyumba ya Mungu imesimama juu ya watu wote, nusu shekeli ya kila mmoja, na tajiri hatoi zaidi wala maskini hatoi pungufu (Kutoka 30:15). 600,000 ni ukubwa wa msingi. Huyu mwandishi hakuwa akijibu swali langu la karani, nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo. Alikuwa akisema hema hili lilibebwa na nani.

Huo ndio msimamo wangu mpaka mtu anisahihishe: 603,550 ni namba ya hema kwanza, ikaja kuwa namba ya kambi. Orodha ya makabila huenda ina mabaki ya milango ya kale kama Mkalimani alivyosema, yale mamia ni ya ajabu kweli. Lakini jumla imekatwa kwa kipimo cha fedha.

#10 Mkalimani

Karani, hapo kwenye fedha siwezi kukupinga. Elef inaokoa Hesabu 1, haiokoi Kutoka 38. Chuoni tulikiri hivyo hivyo. Kuna na waliotazama herufi. Kiebrania kilitumia herufi kama tarakimu baadaye, na "bene Yisrael", wana wa Israeli, ukizijumlisha herufi zake unapata 603 kamili. Inapendeza, ila haisemi kitu juu ya 601,730 ya sensa ya pili, kwa hiyo mimi siitegemei.

#11 Shamba la Mizabibu

Ndugu Karani, sikufichi, uzi huu umeniumiza. Bibi yangu alinifundisha kusoma kwa Biblia hiyo hiyo mnayoifungua hapa, kwenye taa ya kandili, kidole chake chini ya kila neno. Tulipofika Hesabu alisema tusiruke hata kabila moja, kwa sababu Mungu hakuruka. Sasa unaniambia namba aliyonisomesha si ya watu. Kama namba iliyoandikwa mara mbili, kwa ukamilifu, kabila kwa kabila, si idadi, kesho nitashika wapi?

#12 Karani wa Kaya

Ndugu yangu, nimekusoma na sikuandika kitu mpaka asubuhi.

Bibi yako alikuwa sahihi kutoruka kabila. Ni kwa kutoruka ndiko nimefika hapa.

Nikuonyeshe namba nyingine, Biblia ile ile. Yeremia 52:28-30, waliochukuliwa mateka na Nebukadreza: mara ya kwanza 3,023, mara ya pili 832, mara ya tatu 745. Jumla 4,600. Niliposoma hizo nililiona daftari langu la Tanga. Mtu alisimama kwenye lango na akahesabu mpaka yule wa tatu baada ya 3,020. Uhamisho huo wa kwanza 2 Wafalme 24:14 inautaja kwa 10,000. Mfalme wa Ashuru, Senakeribu, aliandikisha kwenye udongo kwamba alitoa Yuda watu 200,150. Wafalme waliandika hivyo, ili anayesoma atetemeke. Na sisi tunayo Biblia iliyohifadhi 832.

Ezra 2 pia. Jumla ya waliorudi ni 42,360, lakini ukijumlisha jamaa moja moja unapata 29,818. Nehemia 7 ana orodha ile ile, jumla ile ile, na ukijumlisha unapata 31,089. Wana wa Ara ni 775 kwa Ezra, 652 kwa Nehemia. Hakuna aliyezisawazisha. Kwangu mimi huo ni uaminifu. Walipokea orodha mbili zisizolingana wakatupa zote mbili. Daudi naye: 2 Samweli 24 inasema Israeli 800,000 na Yuda 500,000, 1 Mambo ya Nyakati 21 inasema 1,100,000 na 470,000, na kanisa halijawahi kuchana ukurasa wowote.

Na kuhusu ulipouliza ushike wapi, soma Kumbukumbu la Torati 7:7. Bwana hakuwachagua kwa sababu ya wingi wao, walikuwa wachache kuliko mataifa yote. Kutoka 23:29-30 inasema hatawafukuza wenyeji kwa mwaka mmoja, nchi isije ikawa ukiwa na wanyama wa mwitu wakawazidi. Watu milioni 2 katika nchi ile ndogo wangemwogopa fisi gani? Torati yenyewe, nje ya zile orodha, inawajua watu hawa kuwa wachache. Sijakuomba utupe kitu. Nakuomba uisikilize na sauti hii nyingine iliyomo humo humo.

#13 Shamba la Mizabibu

Kumbukumbu 7:7 naijua kwa moyo na sikuwahi kuiweka karibu na Hesabu 1. Mimi nabaki na 603,550, ndugu yangu, kwa sababu Mungu aliyewalisha mana hakushindwa na idadi. Lakini ile misingi 100 ya fedha nitaihubiri. Hiyo umenipa.

#14 Binti Mvita

Mashallah. Ndugu Karani, kijana utamjibu nini lakini? Yeye aliuliza wazaliwa wa kwanza.

#15 Mkalimani

Kabla hajajibu, kuna kitu sura ile ile ya 3, pengine kijana atakifikia. Walawi, watu wa kabila la Lawi, koo tatu. Gershoni 7,500, Kohathi 8,600, Merari 6,200. Jumlisheni: 22,300. Mstari wa 39 unasema 22,000. Na hili si dogo, kwa sababu Walawi walichukua nafasi ya wazaliwa wa kwanza mtu kwa mtu. Wazaliwa ni 22,273. Walawi wakiwa 22,000, wanabaki 273 wasio na wa kuwakomboa, nao wakalipa shekeli 5 kila mmoja, jumla 1,365, imeandikwa mstari wa 50. Walawi wakiwa 22,300, hakuna aliyestahili kulipa chochote.

Wengi wetu tunaona ni herufi moja. Tatu kwa Kiebrania ni *shalosh*, sita ni *shesh*. Kwa maandishi yasiyo na irabu ni sh-l-sh na sh-sh. Mwandishi akiruka lamedi ya katikati, 300 inakuwa 600, na Kohathi anatoka 8,300 kuwa 8,600. Irudishe lamedi na jumla inakuwa 22,000 kamili.

#16 Karani wa Kaya

Asante sana Mkalimani. Dada Binti Mvita, kijana nitamwambia kwamba hesabu yake ni sahihi, na kwamba aliyetangulia kuuliza ni kadhi mzaliwa wa Tunis. Kisha tutafungua Kutoka 38, nitampa chaki, aigawanye fedha yeye mwenyewe ubaoni mbele ya wenzake. Mkalimani, naomba uniandikie shalosh na shesh kwa herufi za Kiebrania, kubwa, nizichapishe kabla ya Jumapili.

#17 Mkalimani

שלש
שש

Ya juu ni tatu. Herufi ndefu ya katikati ndiyo lamedi.